Namba Saba Anaondoka Kwenye Meza ya Barua

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, Bi Bahasha atakabidhi ufunguo wa kabati lake na kustaafu baada ya miaka ishirini na saba katika kitengo cha barua. Mwandishi wa wasifu huu ameketi akitazamana naye kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo. Kamati ya sherehe ilinichagua kwa sababu namfahamu kuliko mtu yeyote. Hawakuuliza kama namwonea wivu. Wangeuliza, ningewajibu kwamba namwonea sana, tangu mwaka wangu wa kwanza hadi asubuhi ya leo.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: mtoto wa hapa anamwandikia mfadhili wake ng'ambo, mfadhili anamjibu mtoto, na katikati tupo sisi wafasiri. Jina la mfasiri haliandikwi. Chini ya ukurasa inagongwa namba tu. Yake ni saba, yangu ni kumi na mbili. Ajabu ni kwamba wafadhili, wakishamaliza kumsalimu mtoto, humsalimu pia namba saba. Wamemtumia picha za bustani zao, za wajukuu, za nyumba zilizofunikwa na theluji, na zote zimebandikwa ukutani juu ya kiti chake, mahali ambapo mimi nikiinua macho lazima nizione. Namba kumi na mbili ameandikiwa mara moja tu. Mfadhili mmoja aliomba wino uongezwe kwenye mashine.

Alianza kazi kama mpokezi wa mlangoni, akifungua barua zilizoletwa na posta. Lugha ya wafadhili alijifunza humo humo kwenye barua, na jina la Bi Bahasha alilipata kwa tabia yake ya kutotupa bahasha kuukuu. Huzipasua na kuandika upande wa ndani. Sisi tulioisomea lugha hiyo darasani tulimcheka. Baada ya miaka michache tukawa tunamwuliza maneno. Ni yeye aliyempelekea mfadhili mmoja swali la watoto wetu, waliotaka kujua kama mbwa wake aliyevalishwa koti kwenye picha ni mgonjwa. Jibu lilikuja kurasa tatu, na ofisi nzima ilivunjika mbavu. Mimi nilicheka kidogo tu.

Kilichonikera zaidi ni urefu wa barua zake. Mtoto akiandika kwamba yeye ni mzima, kuku wao ametaga, asante, mimi nilitafsiri mistari mitatu na kufunga. Zake zilijaa ukurasa: kuku ametaga ndani ya kofia ya babu, babu amekataa kumfukuza, sasa anakwenda kazini kichwa wazi. Nikajiambia huyu mwanamke anatia chumvi. Na kwetu, anayemwongezea mtoto maneno anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Miaka minne iliyopita alikwenda kupasuliwa macho, nami nikakabidhiwa majalada yake kwa miezi miwili. Mmoja wa wafadhili wake ni dereva wa treni mstaafu, aliyekuwa akiandikiana na binti mmoja tangu binti yuko darasa la kwanza. Alipopata tafsiri yangu, sahihi neno kwa neno, aliandika makao makuu akiomba aambiwe ukweli: je, mtoto amefariki? Maana anayemwandikia sasa si yeye. Naungama kwamba nilifurahi. Makao makuu waliponiletea barua ile, niliibeba hadi kwa mkurugenzi iwe ushahidi kwamba namba saba amekuwa akitunga, nikijua kabisa kwamba nikiaminiwa, hatarudi kwenye kiti chake.

Mkurugenzi akamwita binti, wakati huo ana miaka kumi na miwili, pamoja na bibi yake. Akamsomea barua za zamani moja baada ya nyingine, hata ile ya kofia. Binti akaitikia kila mstari: hayo aliyasema yeye. Akaeleza kwamba Siku ya Barua, watoto wanapokusanyika kituoni kuwaandikia wafadhili, Bi Bahasha haketi ofisini. Anakwenda kukaa nao kwenye benchi la kituo, na mtoto akishajaza fomu yetu yenye mistari minane, anamwuliza kuku ametaga wapi, nani alimwona kwanza, babu alisema nini. Fomu haina nafasi, kwa hiyo mtoto anaendelea kwenye bahasha iliyopasuliwa. Bahasha zote zilikuwa nyuma ya majalada niliyokaa nayo miezi miwili. Nilidhani ni takataka, nikazifunga kwa kamba ili zisinisumbue. Bibi yake aliniuliza, kwa upole, kama ni mimi niliyemfanya mjukuu wake aonekane hana la kusema.

Bi Bahasha alirudi amevaa miwani nyeusi, akasimuliwa yote. Nilijiandaa kutukanwa, na kweli ningependelea hivyo. Yeye alisubiri Siku ya Barua, akaniambia nichukue kalamu twende. Watoto wakamzunguka. Mimi nilipouliza, walijibu ndiyo au hapana huku wakimtazama yeye. Tangu hapo sijakosa hata mara moja. Sasa wapo wanaonijibu sentensi nzima, na mwaka jana mmoja alinisimulia ugomvi wa shangazi zake mpaka bahasha mbili zikajaa. Siku hiyo sikumwonea mtu wivu hadi saa kumi.

Kuanzia mwezi ujao watoto wake mia moja arobaini na watatu ni wangu. Kamati ilipomwuliza anataka zawadi gani, hakutaka saa wala seti ya vyombo. Aliomba kibali cha kuja kukaa benchini Siku ya Barua, kama mgeni. Mkurugenzi akasema uamuzi ni wa mwenye majalada. Wiki mbili sasa ananitazama bila kuuliza, nami najifanya natafuta karatasi. Najua akija itakuwaje: watoto wote upande wake, mimi na kalamu yangu upande wa pili.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante, Bi Bahasha, kwa watoto uliowasikiliza na kwa matusi ambayo hukunitukana. Macho yako yapumzike, afya isikupungukie, na kila utakachokishika huko nyumbani kikupe raha. Ombi lako nimelikubali, na kibali hakina mwisho. Ila Siku ya Barua ijayo, dada yangu, nakuomba usije. Niachie hiyo moja. Watoto wakiniuliza uko wapi, nitawaambia ni mimi niliyekuzuia, na huenda kwa hasira wakaniambia mengi.