Jiliwa Lililotazama Kushoto

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Shoto hata mbele ya wageni, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1956, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa karani wa kupanga barua na mama yake alikuwa mshonaji. Kabla hajatimiza mwaka, kila alichopewa alikipokea kwa mkono wa kushoto, na kila aliyekihamishia kulia alikiona kikirudi kushoto.

Alianza darasa la kwanza Januari 1963. Mwalimu wake alimwagiza aukalie mkono wa kushoto wakati wa kuandika, naye akaukalia. Nyumbani alifanya hesabu zake kwa kushoto nyuma ya bahasha zilizoharibika, kisha akanakili kwa kulia kwenye daftari. Siku moja baba yake alimkuta analia juu ya daftari hilo, akamwambia, "Andika unavyoweza, mwanangu, kisha nakili wanavyotaka." Alimaliza kidato cha nne Novemba 1974 akiwa na mwandiko safi wa mkono wa kulia. Mengine yote, kuanzia kumenya viazi mpaka kutunga uzi kwenye sindano, aliyafanya kwa kushoto.

Tarehe 3 Februari 1976 aliajiriwa kwa majaribio katika karakana ya kufunga nzi bandia, yaani ndoano ndogo zinazovishwa uzi na manyoya ya ndege mpaka samaki adhani ni mdudu. Wanawake thelathini na wawili walikaa kwenye mabenchi marefu chini ya madirisha, kila mmoja na jiliwa lake la kubania ndoano. Majiliwa yote yalinunuliwa dukani, yakakazwa kwa parafujo, na yote yalitazama kulia. Mkono wa Shoto ulilazimika kuzunguka shina la jiliwa kila alipopitisha uzi, na kiwiko chake kikawa kinamgonga jirani yake mbavuni.

"Wewe unafunga nzi au unanipiga?" jirani alimuuliza wiki ya kwanza. Baadaye wakawa marafiki mpaka mwisho, naye yupo hapa leo.

Wenzake walifunga dazeni nane kwa siku. Shoto alifika dazeni nne. Katika mwezi wake wa pili kazini msimamizi alimwambia, bila ukali, "Mama, badilisha mkono au utafute kazi nyingine. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo." Shoto aliinamia tena ndoano yake. Mshahara ule ndio uliokuwa ukiwasomesha wadogo zake wawili, na mkono ule alikwisha kuukalia miaka mingi, akaona inatosha.

Siku hiyohiyo fundi seremala aliyekuja kutengeneza mguu wa benchi alikuwa amelala chini ya benchi hilo na nyundo, akasikia yote. Alitoka na vumbi la mbao kichwani.

"Kwani ni lazima liangalie huko?" aliuliza.

"Ndivyo yalivyonunuliwa," Shoto alijibu.

Jumatano fundi alirudi na jiliwa alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Shina lilikuwa la mti mgumu, parafujo ilitoka kwenye kitasa cha mlango, na taya alizichonga kwa tupa kutoka kwenye koleo kuukuu. Lilitazama kushoto. Alilikaza mwisho kabisa wa benchi, mahali ambapo kiwiko kingegonga hewa tu. Siku hiyo Shoto alifunga dazeni sita, na Ijumaa akafunga tisa. Msimamizi alizihesabu mara mbili, akavuta kila kichwa cha uzi kwa ukucha kuona kama kitafumuka, kisha akasema, "Haya, kaa." Alikaa miaka thelathini na mitano.

Shoto na fundi walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Kila mwaka fundi alimwongezea kifaa: sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio, kibano cha kushikia unyoya kilichotokana na waya wa kibanio cha nguo, na kishika uzi cha spoki ya baiskeli na mrija wa kalamu. Jirani yake wa benchi alimtania, "Wenzako wanaletewa viatu, wewe unaletewa spoki." Shoto alimjibu, "Viatu vinaisha soli."

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akaendelea kufungia nyumbani kwa ajili ya duka la vifaa vya uvuvi. Mwezi uleule binti yake, ambaye ni muuguzi, alimletea zawadi aliyoiwekea akiba muda mrefu: sanduku la mbao lenye vifaa vya dukani, kila kimoja kimelala kwenye shimo lake la kitambaa laini, na katikati jiliwa la chuma linalong'aa. Shina lake lilichomelewa kwenye kibano cha meza, halikugeuka. Lilitazama kulia. Binti hakuwahi kujua kwamba majiliwa yana upande, kwa sababu tangu azaliwe aliliona moja tu.

"Sasa mama utapumzika na yale makoleo ya baba," alisema.

Fundi aliangalia dirishani. Shoto alishika lile jiliwa, akaligeuza, akasema, "Lina uso kama kijiko kipya. Ahsante, mwanangu."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kabla binti hajafika kuwasalimu, fundi alifungua jiliwa lake mezani na kukaza la chuma. Shoto alifunga kwa mkono wa kulia, polepole, ule mkono wa kunakili. Jioni binti akiondoka, jiliwa la mti lilirudi mezani.

"Mama, umepunguza mwendo," binti alimwambia siku moja.

"Uzee, mwanangu."

Jumatano moja binti alitokea bila taarifa, na fundi akalifunika jiliwa kwa kofia yake. Alikaa kichwa wazi mpaka binti alipoondoka. "Utamwambia lini?" alimuuliza mkewe. "Nikimaliza dazeni hii," alijibu. Ilipita miaka kumi na moja.

Tarehe 9 Aprili 2023 alipatwa na kiharusi kilichochukua upande wake wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Binti alichukua likizo akaja kumuuguza. Ili mkono uliobaki upate mazoezi, alikaza jiliwa la chuma kwenye meza ya kitandani. Shoto alijaribu, kiwiko kikagonga ukuta. Akanyoosha kidole kwenye kabati.

Binti alilitoa jiliwa la mti, akapitisha kidole kwenye taya. "Baba, hili limetiwa mafuta karibuni."

"Jumapili," fundi alisema.

Alilikaza mwenyewe, likatazama kushoto, na binti akasimama akiutazama mkono wa mama yake ukizungusha uzi bila kugonga kitu. Alielewa taratibu.

"Mama, mbona hukusema?"

Shoto alitafuta neno kwa muda. "Ulifurahi," alisema.

Binti alitaka kulitupa sanduku. Mama yake alikataa kwa kichwa, akamwonyesha kishika uzi kilichokuwa mezani. Kilikuwa cha chuma, cha kwenye sanduku lake, kimechakaa kwa kutumika. "Hicho kilinishinda kukitengeneza," fundi alikiri. "Cha spoki kilikuwa kinakata uzi. Hicho chako amekitumia kila siku tangu ulipokileta."

Nzi hafungwi kwa mkono mmoja. Kwa hiyo binti alishika manyoya kwa mkono wake wa kulia, mama akazungusha uzi kwa kushoto, na hivyo wakafunga nzi kumi na mmoja. Marehemu alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 15 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Nzi wa kumi na mbili alibaki kwenye jiliwa, bado fundo la kichwa tu, lile la kumalizia uzi. Fundi, aliyetengeneza vifaa maisha yake yote bila kufunga nzi hata mmoja, alilifunga jana mchana. Binti alimshikia uzi. Halikukazika sana, lakini dazeni imetimia.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, na rafiki wa benchi mwenye mbavu nzima.

Mkono wake wa kushoto na upumzike, na wa kulia pia, naye alale kwa amani.