Nani Aliipooza Bia ya Mama

Sogeeni, wanangu. Wewe kifungua mimba kaa kulia kwangu, na wewe kitinda mimba kaa kushoto, na msikaze shingo kila mmoja akitazama ukuta wake, maana sauti yangu inakwisha na sitaki kuimalizia kwenye kurudia maneno. Nimewaita nigawe nilicho nacho. Lakini kabla ya mali kuna ugomvi, na siko tayari kufa nikiuacha ndani ya nyumba hii.

Bia yetu mnaijua. Ni bia ya Kiingereza, ya rangi ya kahawia, isiyo na mapovu mengi wala isiyotaka barafu, ambayo marehemu baba yenu alifundishwa na mpangaji wetu wa chumba cha uani, akanifundisha mimi, nami nikawafundisha ninyi. Kaka mtu unasaga kimea na kukoroga sufuria. Dada mtu unatia hopsi, yale maua machungu, na kuilea hamira. Kwa bia hiyo majirani wamejaa uani kwetu kila Jumamosi. Kisha ikapooza. Haikunuka wala haikuoza, ila haina neno. Ukiimeza imekwenda, hujui kama umekunywa au umeota. Majirani, kwa adabu zao, wakaanza kuwa na shughuli Jumamosi.

Hapo mkaanza ninyi. Kaka ukasema kikulacho ki nguoni mwako, dada yako anapunja hopsi. Dada ukajibu kwamba kaka ananunua kimea kilicholala ghala, na kwamba mkono wake umekosa baraka tangu aoe. Tangu hapo hamsemezani. Mnakuja hapa kitandani, mmoja anasema, "Mama, mwambie huyo anipishe," na huyo mwenyewe amesimama mbele yake. Mmenigeuza simu ya watu wawili walio chumba kimoja. Nimewazaa kwa uchungu, lakini huu wa sasa unazidi ule.

Mimi ni mgonjwa, si mjinga. Mlipokwenda kazini nilimwita jirani yetu fundi cherehani, yule aliyelalamikia harufu ya kimea chetu tangu mkiwa watoto, nikamwomba aniletee kidogo cha kila kitu. Kimea nikakitafuna: kikavu, kitamu, kinavunjika kama inavyopasa, kwa hiyo kaka hana kosa. Hopsi nikazifikicha viganjani, harufu yake ikanipanda puani, na kikombe cha kupimia ni kilekile changu, kwa hiyo dada naye hana kosa. Hamira ikaumuka mpaka ikamwagikia shuka. Nikabaki nawaza. Kisha nikaletewa chai, nikaionja, nayo imepooza. Nikasema nileteeni birika nilione. Ndani lilikuwa safi, linang'aa. Wanangu, mabirika ya nyumba hii yana ukoko mweupe tangu nilipoingia humu bibi harusi, kwa sababu ya maji yetu ya kisima yenye chumvichumvi.

Ndipo nikaikumbuka ile mashine ya kuchuja maji. Daktari aliposema mafigo yangu hayawezi tena maji yale, mlichangishana, mkamleta fundi bomba, akaifunga pale maji yanapoingilia ndani, tangu siku hiyo yanachujwa mpaka hayana kitu. Kwa mgonjwa ni maji mazuri. Lakini bia hii inataka maji yenye ukali wake, maana chumvi ya kisima ndiyo inayousimamisha uchungu wa hopsi. Ukiitoa, kila kitu kimo ndani ya bia na hukisikii ulimini.

Mnaona majagi mawili hapo mezani. Hili la pipa lenu la mwisho. Lile ni la bia aliyoipika fundi cherehani nyumbani kwake, kwa kimea chenu, hopsi zenu na hamira yenu, ila maji kateka kisimani kwa ndoo, na harufu hakuitaja hata mara moja. Onja, kaka. Sasa mpe dada yako. Mpe mwenyewe, usipitishie kwangu. Haya, nyuso zenu zimeshanijibu.

Basi mjue aliyeipooza. Si mwizi wala si mzembe. Mliipooza wawili, siku mliponionea huruma, na hilo ndilo jambo la mwisho mlilolifanya pamoja. Mmetukanana kwa sababu ya kitu kilichotokana na kunipenda. Linaniuma hilo kuliko mafigo.

Sikilizeni ninavyogawa. Masufuria na mapipa ni ya kifungua mimba. Kisima, hamira na chumba cha uani ni vya kitinda mimba. Mkiona nimegawa vibaya, mmeona vizuri: hakuna atakayepika hata jagi bila mwenzake. Fundi bomba aje awawekee bomba moja litokalo kisimani lisilopitia mashine. Mashine msiitupe, mafigo kama yangu hurithiwa. Barafu msimtilie mtu hata akiomba, baridi inaziba ladha. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Majirani wamelima vya kutosha, sasa wapeni kapu wakavune. Na fundi cherehani asidaiwe hela ya kinywaji humu maisha yake yote.

Nipeni maji. Hapana, hayo hayo ya mashine. Hayana ladha, lakini mliniwekea ninyi... Ahsanteni.

Mungu aibariki mikono yenu, yote minne. Awape watoto watakaowatunza kama... kama mlivyonitunza. Nimechoka, wanangu. Kazi ya kupeleka maneno ya huyu kwa huyu naiacha leo, sina tena pumzi yake. Nanyamaza. Kifungua mimba, dada yako yuko hapo. Anza wewe.