Mfupa Ule Una Kwao

Wapendwa, nawasalimu. Mlioko nyuma mnanisikia? Zamani nisingesimama hapa bila kuziba mdomo kwa kiganja.

Nilianguka na bodaboda pale Hamugembe, mjini Bukoba, meno mawili ya mbele yakaenda. Nikaacha kwaya. Baadaye daktari wa meno akaniambia taya limenywea: jino la kupandikiza hukaa kwenye skrubu, na skrubu inataka mfupa wa kuishika. "Tutajaza chembe za mfupa, kisha tusubiri." Nikaitikia. Sikuuliza ni mfupa wa nani.

Alipomaliza kujaza, nikaenda kupumzika Muleba kwa shangazi. Siku za mwanzo ulimi wangu ukaokota punje nyeupe, ngumu. Kesho yake nyingine. Ndugu zangu, nawaambia, nilijua ni mtu. Na kwetu mtu hulala kibanjani kwake, kati ya migomba yake. Nikazifunga punje kwenye lubugo, kile kitambaa cha gome cha wazee, nikazika kando ya kaburi la babu.

Shangazi aliniona. "Unapanda nini hapo?"

Nilipomweleza, akaacha kumenya ndizi. "Waitu, jamani! Umemleta nani alale na baba yangu? Mfupa una kwao. Utataka kurudi."

Tangu hapo, nikipita pale mchana kweupe, taya linapwita na ladha ya udongo inanijaa mdomoni. Migomba yote imetulia, jani moja linatikisika. Nikiimba jikoni peke yangu, sauti ya pili inanifuata, chini kidogo ya yangu. Shangazi naye akaanza kupita njia ya nyuma.

Nikarudi Bukoba. "Daktari, utoe. Mrudishie mwenyewe."

Hakucheka. Alinimiminia chembe kiganjani, kama chumvi ya mawe. "Hizi zimetengenezwa kiwandani, kwa madini yanayofanana na ya mfupa. Hazijawahi kuwa mtu. Punje chache kudondoka siku za mwanzo ni kawaida. Mgomba mnauegemeza kwa mti, sivyo? Chembe ndizo mti. Mfupa wako unaota katikati yake, nazo polepole zinaisha."

"Halafu humo anabaki nani?"

"Wewe."

Nikavumilia. Mfupa ukashika, skrubu ikaingia, na meno ndiyo haya.

Namshukuru daktari yule, shangazi aliyenipondea ndizi nikashiba, nanyi wanakwaya mlioniachia nafasi yangu. Mkiwekewa kitu mwilini, ulizeni kimetoka wapi kabla hamjakalia kiti cha daktari. Kuuliza si aibu. Daktari asingenieleza, ningekuwa nimeng'oa uponyaji wangu mwenyewe.

Nilimwambia shangazi pale hakuna mtu. "Najua," akasema. Bado anapita njia ya nyuma. Na sauti ile ya pili bado naisikia nikiimba. Nimeizoea. Siku yangu ya kuzikwa tutarudi sote kibanjani, nayo itakuwa imefika kwao.