Kahawa ya Kache

Kijiwe chetu cha Barani ni mbao mbili zilizolazwa juu ya matofali, kando ya duka la simu lililofungwa zamani, na dele la kahawa la Mahadhi, muuzaji wetu, juu ya makaa. Mimi naruhusiwa kukaa kwa sababu mamangu ndiye anayeuza kaimati hapo, na kwa sababu hawajapata wa kuninyamazisha. Ndipo wakaniita Hoja. Nikirudi kutoka chuoni Kilifi huwakuta wanabishana yale yale. Ila kuna kahawa moja kwa mwaka isiyofanana na nyingine. Siku Kache, binti wa mwenzetu Thoya, anapotimiza mwaka mwingine, babake hutunywesha sote, na hakuna anayeonja kabla hatujasema kwa pamoja, "Akue!" Kache naye hujibu, "Nakua!" Tangu uchanga ana siko seli, ule ugonjwa wa damu unaokunja chembe kama mundu na kumwamsha mtoto akililia mifupa. Leo ametimiza kumi na tatu. Vikombe vimejaa, mvuke unapanda, na hakuna aliyesema neno lile.

— Thoya, anzisha basi, kahawa inapoa, akasema Bunge, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kuwa msemaji wa matanga.

— Nianzishe vipi? Jumanne wamemtoa kliniki ya watoto.

— Wamemtoa? Kakosa nini?

— Kakua.

Dokta, aliyewahi kuwa bawabu wa duka la dawa, akaweka kikombe chini.

— Eleza vizuri, mgonjwa.

— Sista Damaris kampima urefu, kafurahi, kampigia makofi. Halafu kamwambia, mwanangu, hapa ni watoto tu, mwisho miaka kumi na miwili, sasa wewe ni wa kule kwa wakubwa. Tukaenda. Kule hakuna kliniki ya siko seli, kuna foleni. Daktari akamuuliza, "Unaumwa na nini?" Miaka yote hii hakuna aliyepata kumuuliza hivyo! Na vidonge vyake, akasema, viko kule kwa watoto.

— Hiyo ni sera, akasema Bunge. Serikali inajua maradhi ya watoto huisha ukubwani. Surua huisha. Degedege huisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? nikamuuliza.

— Ishaingia. Utaitoaje?

— Si sera, ni rangi, Dokta akamkata. Kule kwa watoto ukutani kumechorwa twiga. Rangi ikaisha kabla ya kufika kwa wakubwa. Pasipo twiga hapana dawa, hilo mimi nimelichunguza.

— Wallahi hao twiga nimewaona, akasema Mahadhi, akipepea makaa.

Bunge akasimama, akashika ukosi wa shati.

— Mwananchi ni nani? Ni mwana wa nchi. Na mwana ni mtoto. Kwa hivyo hata babu yangu mwenye mvi ana haki ya kliniki ya Jumanne. Hoja ipite!

— Apite babu yako kwanza, nikamjibu.

— Au Kache akunje magoti anapopimwa, akasema Dokta. Samaki mkunje angali mbichi. Avae sare ya chekechea, anyonye na kidole.

— Mpaka lini, Dokta? nikamuuliza. Mpaka awe na watoto wake?

— Basi hao si watamsindikiza!

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Thoya hakucheka. Nami nikapandwa na mori.

— Mnacheka! Ugonjwa wa kudumu, jina lenyewe linasema unadumu. Nani huyo aliyekaa mezani akawapangia watoto hawa mpango, akawawekea mlango wa kuingilia, akasahau kuwa siku moja watafika upande wa pili wakiwa hai? Au hawakutarajia wafike?

Neno la mwisho nililisikia lilipokwisha kunitoka. Thoya alikuwa akikizungusha kikombe chake.

— Hata mimi sikutarajia, mwanangu. Nilipoambiwa ugonjwa wake, alikuwa hajaota jino. Nyumbani Ganze waliniambia nisimzoee. Dua yangu ikawa hiyo moja tu: Mulungu, akue. Kila gauni lililombana lilikuwa furaha yangu. Nilitamani siku anifike begani. Sasa kanifika, na jana nimelala natamani apungue. Mzazi gani huyo?

Mahadhi akaacha kupepea makaa.

— Natamani zile Jumanne zangu, akaendelea polepole. Sista akimwona tu mlangoni, alikuwa anajua leo ni mguu au ni mgongo.

Ndipo Kache akatokea kichochoroni, amevaa sweta juani, chupa ya maji mkononi, kwani alifundishwa asishikwe na baridi wala kiu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Akaenda kusimama pale anaposimama kila mwaka, ubavuni mwa dele. Akatazama vikombe. Hakuna kilichoonjwa.

— Mbona hamjasema?

Bunge akaiacha nafasi yake ubaoni, ile anayoiita kiti cha ubunge, akachutama. Dokta akakohoa kikohozi cha mtu mwenye afya. Mimi, Hoja, nikatafuta hata neno la kuanzia, nikalikosa. Mvuke ulikuwa umeshakwisha vikombeni.

Kache akangoja kama alivyozoea. Kisha akamgeukia babake, akasimama wima, akajibu bila kuitwa.

— Nakua.