Silas Penhallow, Mlinzi wa Bustani ya Port Ellery

Ndugu waombolezaji, Silas Penhallow alizaliwa tarehe 4 Mei 1860 hapa Port Ellery, Australia ya Kusini, kifungua mimba wa mchimba shaba Elisha na mkewe Thirza, akafuatiwa na mdogo wake mmoja tu, Jabez. Alisoma shule ya kanisa hadi 1872, akaingia mgodini, na mwaka 1884 akaajiriwa kuwa mlinzi wa bustani ya mji. Tarehe 5 Juni 1886 alifunga ndoa na Honor Trembath, wakajaliwa mabinti wawili, Loveday na Grace.

Mwaka 1890 ilitoka sheria ya kukataza mtu kupiga, kurusha au kudaka mpira bustanini, isipokuwa mabwana wanaoviringisha matufe ya mbao nyasini, kwa kuwa halmashauri iliona tufe lao, likiwa limelemea upande mmoja, si mpira. Wachimbaji walicheka hadi mbavu zikawauma, Silas hakucheka, kwake sheria ilikuwa msumeno. Jumapili tarehe 8 Machi 1891, siku yao pekee ya mapumziko, alimkamata Jabez akicheza kriketi.

“Kaka, na yale magogo ya mabwana zako je?” Jabez alimchokoza.

Mahakamani Silas alisema, “Ni mdogo wangu, tumbo moja, na mpira aliurusha.” Jabez akagoma kulipa faini, akafungwa siku kumi na nne, na tarehe 17 mama yao akafariki, akazikwa mwanawe akiwa ndani.

Hawakusalimiana miaka thelathini, ingawa walikaa mtaa wa pili tu. Sheria ilipofutwa mwaka 1913, Silas aling'oa bango la katazo lililokuwa bustanini kwa mikono yake, akaenda kumwambia Jabez, Jabez akamfungia mlango.

Aprili mwaka huu kifua kilimbana, na Jumatatu iliyopita akamtuma Loveday.

“Baba mdogo, baba anakuomba uje.”

“Mwambie nitakuja Jumapili.”

Silas alifariki Alhamisi, tarehe 14 Julai 1921, saa kumi alasiri, kiti cha mgeni kikiwa kimeshawekwa kando ya kitanda.

Familia inamshukuru daktari aliyemhudumia, majirani waliompikia Honor, na walinzi wenzake waliochimba kaburi hili. Mimi ninayewasomea ndiye Jabez, na ninaona uchungu usio na dawa. Kaka, leo ndiyo Jumapili, nimekuja. Pumzika kwa amani ile niliyokunyima.