Maisha ya Mzee Kona, Nyapara wa Barabara ya Mlimani

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliofika kwa matope haya, mimi ni mjane wa marehemu, na historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, lakini nilipoipitia nilikuta imejaa mambo aliyoyapata kwa marehemu mwenyewe, kwa hiyo nimeiandika upya na nitaisoma mimi. Wengi wenu mmesikia minong'ono hapo nje, na sina sababu ya kuficha: shemeji yangu na kikosi cha barabara alichofanya nacho kazi marehemu wanataka azikwe kule juu kileleni, mimi nataka azikwe hapa nyumbani, na mpaka asubuhi hii hatujaelewana. Sikilizeni maisha yake kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa pili kati ya watano, hapa hapa chini ya mlima, barabara inapoanza kupanda. Yeye alizoea kusimulia kwamba alizaliwa njiani, ndani ya ukungu, mama yake akiteremka na mzigo wa viazi kichwani, lakini marehemu mama mkwe wangu aliniambia kwa kinywa chake kwamba alijifungulia zahanati, asubuhi, jua likiwaka, na kwamba mtoto huyo hata kulia alikuwa analia kwa kutia chumvi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha pili, akaishia hapo mwaka 1977, kwa sababu, kama alivyosema mwalimu wake wa historia, kila swali la mtihani alilijibu vizuri sana kwa mambo ambayo hayakuwahi kutokea.

Tarehe 1 Machi 1982 aliajiriwa kibarua katika kikosi cha kutunza barabara ya mlimani, kazi ya kuzibua makalavati, kuondoa kifusi kila mlima unapoporomoka, na kupaka chokaa mawe ya ukingoni ili madereva wayaone kwenye ukungu, na mwaka 1994 akafanywa nyapara. Alikuwa mchapakazi, hilo hata mimi sibishi. Barabara yenyewe mnaijua, inaanzia kwenye mikaratusi, inapanda ikijikunja kama utumbo, kushoto ukuta wa jabali unaochuruzika maji mwaka mzima, kulia bonde refu ambalo ukichungulia unamwona mwewe mgongoni, kisha mianzi, kisha mawingu yanayoingia ndani ya gari bila hodi, mpaka kileleni penye upepo na kambi yao ya mabati, ambapo siku isiyo na ukungu unaona tambarare za pande zote mbili. Ni kuzuri, nami nimefika. Zamani ilikuwa njia ya wachukuzi wa chumvi, baadaye ikapanuliwa kwa baruti na sururu, na baadhi ya waliopanua walibaki chini ya mawe, na hayo ni ya kweli, yameandikwa kwenye bamba la chuma pale darajani. Mengine yote mliyosimuliwa yametoka nyumbani kwangu.

Ilikuwa hivi. Nguzo za kilomita zilikuwa zimezolewa na maporomoko, na kikosi hakikuwa na namna ya kuelezana kifusi kimeangukia wapi, ndipo marehemu akaanza kuzipa kona majina, na kwa kuwa kichwani hakuwa na kingine, akatumia ugomvi wetu. Kona ya Kisirani, ambapo wageni hushuka kupiga picha na kuambiwa kwamba malkia alinuna hapo mpaka jabali likapasuka, ni mahali alipopokea ujumbe wangu mwaka 1991 kwamba asipokuja Jumamosi hiyo asijisumbue kuja nyingine. Kona ya Sufuria si mahali jeshi la kale lilipopikia, ni mahali alipoliangusha bondeni sufuria jipya nililomtuma, akarudi mikono mitupu na maelezo marefu. Kona ya Mapacha haina ndugu wawili waliogeuka mawe, ni mkunga tu aliyenitazama tumbo akahisi mapacha, marehemu akatangazia mlima mzima, akatoka mtoto mmoja. Mwaka 2003 wakaja wapimaji wa ramani, badala ya kuuliza mtu mwingine wakamuuliza yeye, na leo majina yote hayo yamechapwa rasmi, mtu unakasirika siku moja na mumeo, unawekewa kibao.

Alinioa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988, na alichelewa, si kwa kifusi, bali kwa sababu alilisimamisha gari la harusi njiani awaeleze wajomba zangu habari za lile jabali linalofanana na ng'ombe aliyelala, kwamba lilikuwa ng'ombe kweli. Shangazi yangu alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, bado hujasaini, fikiria." Nilifikiri, nikasaini.

Tulijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, aliyezaliwa mwaka 1990, sasa ni nesi, wa pili mvulana, wa mwaka 1994, fundi magari, na wa tatu binti, wa mwaka 2002, yuko chuoni. Mara zote tatu marehemu alikuwa juu akiondoa kifusi, mvua na uchungu wangu vilikuwa kama vimeahidiana. Vikao vya shule nilikwenda mimi, paa lilipovuja nilipanda mimi. Mwezi Agosti 2021 alistaafu, nikasema sasa nimepata mume, kumbe alikwenda kununua buti mpya, akaendelea kupanda kila wiki, safari hii kwa kazi ya kukaa kileleni na kusimulia tu. Dereva wa lori alisimama dukani kwangu akaniuliza kama namjua huyo malkia mwenye kisirani, nikamwambia ndiye anayekuuzia sabuni.

Alianza kukohoa Oktoba 2022, na mwezi Februari 2023 hospitali ikatuambia ni mapafu, vumbi la mawe la miaka yote ile, na kuanzia Septemba hakuweza tena kutoka nje ya nyumba. Watoto waliweka kitanda chake dirishani, kikitazama mlima, wakidhani ndicho anachotaka. Wiki ya pili aliniita nikigeuze. Nikamuuliza, "Hutaki kuuona mlima wako?" Akasema, "Mlima nimeuona. Nigeuzie nione mlango, nijue nani anaingia." Tangu siku hiyo alitazama mlango wa jikoni, akauliza kinapikwa nini, akagundua kwamba binti yake wa mwisho huimba akiosha vyombo, jambo ambalo majirani wote mlilijua tangu ana miaka mitano, na hakusimulia kitu. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, akiwa na miaka 62, sote tukiwa chumbani.

Shemeji yangu anasema kaka yake alitamka mbele ya kikosi kizima kwamba azikwe kileleni, nami naamini alitamka. Kule juu alitamka mengi, kwa watu waliosimamisha gari kidogo wakaondoka. La kitanda aliniambia mimi, pumzi ikimkatika kila neno, na halikuwa na chumvi. Mlima ulimpata miaka thelathini na tisa ya kazi na mingine ya ziada, mimi nilimpata miezi tisa, mgonjwa, na siirudishi. Kwa hiyo atazikwa hapa, nyuma ya jiko, ambapo mwanangu na majirani wamechimba tangu jana. Nasikia na juu mmeshachimba, basi nawaomba mkalifukie shimo lile leo leo kabla mvua haijashika, maana ninyi ndio mnaojua shimo ukingoni mwa barabara linafanya nini.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya kifua, waliomsikiliza hata pale alipowazulia historia ya jengo lao, majirani mlioleta maji, viti na mikono yenu, wenzake wa kikosi, mliomteremsha mara mbili mgongoni alipozidiwa akiwa juu, na wewe shemeji, ambaye umenuna lakini hujaondoka, hilo nimeliona. Kutoka hapa hadi kaburini ni hatua chache, hakuna haja ya gari. Baba watoto, pumzika kwa amani.