Chomoa Waya, Ukanywe Chai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo na walimu wote, wazazi wenzangu mliobanana ili wengine wapate kukaa, na ninyi wahitimu ambao leo mashati yenu yamepigwa pasi mpaka mimi fundi cherehani nimeridhika: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya marehemu mke wangu, ambaye wengi humu mlimwita Mama Seva kwa kuwa alitunza seva za chuo hiki, zile kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine zote. Angekuwa hai, angekataa kusimama hapa. Angesema, "Nenda wewe, mimi kuna mashine inapiga kelele." Basi nimekuja.

Shule yangu mimi ni ya kusoma, kuandika na kupima viuno vya watu, kwa hiyo kazi yake nitaieleza kama alivyonieleza. Ipo programu huria ya kuandaa seva nyingi kwa mpigo. Huria maana yake haina mwenyewe mmoja. Mtu yeyote duniani anaweza kuifungua, kuisoma na kupendekeza marekebisho. Nayo huongezewa vipande vidogo, programu-jalizi, kama mimi ninavyofunga mguu wa zipu kwenye cherehani: cherehani ni ileile, ila sasa inajua kushona zipu.

Kipande kimoja, cha kupeleka mafaili makubwa kwenye seva, kilikuwa na kasoro. Mtandao ukikatika katikati, kilianza kazi upya tangu mwanzo. Na nani kati yetu asiyeujua mtandao wetu? Mama Seva akaandika marekebisho ili kazi iendelee pale ilipoishia, akayatuma kwa msimamizi wa mradi, mtu wa mbali ambaye hakuwahi kumwona. Msimamizi akajibu, "Mbona kwangu inafanya kazi vizuri?" Mke wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Akamwandikia: "Chomoa waya wa mtandao kazi ikiwa katikati, ukanywe chai, kisha uurudishe." Kesho yake jibu likaja: "Chai ilikuwa nzuri. Umesema kweli. Sasa niandikie jaribio, programu fupi ya kuthibitisha hilo, nami nitaipokea kazi yako."

Jaribio hilo hakuliandika. Ugonjwa ulimwahi.

Sasa, kule kwenye mradi kazi isiyojibiwa hufungwa, yaani huwekwa kando kama iliyokataliwa. Siku moja msaidizi wake, huyu mnayemwita Taratibu kwa sababu anachapa kwa vidole viwili, akaingia dukani kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Suruali imekushinda tena?"

"Safari hii suruali ni nzima. Ni kazi ya mama. Wanataka kuifunga."

"Si muimalizie?"

"Tunaweza. Ila mistari mingine ya programu itabidi tuifute."

"Ya kwake?"

"Ya kwake, baba."

Ndugu zangu, nyumbani kwangu kikombe chake bado mkono wake umeelekea kushoto, kama alivyokiweka mwenyewe, nami nikifagia nazizunguka ndala zake. Mtu wa namna hiyo unamwombaje ruhusa ya kufuta? Nikamuuliza Taratibu, "Angekuwepo, angefanyaje?"

Akatabasamu. "Mama? Angefuta nusu nzima, halafu atucheke kwa kuionea huruma."

Nikamsikia kabisa akicheka. Nikasema, "Basi futeni. Ila isifungwe."

Wahitimu hawa wakaingia kazini. Wakaandika jaribio la kukata mtandao, wakalituma kwenye seva kutoka darasani, nalo likakata mtandao kwelikweli, pamoja na ule waliokuwa wakiutumia kuifikia seva. Mmewahi kuona wasomi wakikata tawi walilokalia? Wakavuka uwanja mbio hadi chumba cha seva, wakakuta kimefungwa, na mlinzi mwenye ufunguo yuko dukani kwangu anajaribu koti. Niliwaona wanakuja wanahema, nikadhani kuna moto.

Lakini walilitengeneza, na mwezi uliopita msimamizi akaipokea kazi ile. Kwenye kumbukumbu ya kazi hiyo limeandikwa jina la mke wangu, yakafuata yenu. Hongereni, wanangu.

Juzi Taratibu alirudi, amenyong'onyea kama mleta habari ya msiba. "Baba, kuna mtu ametuma marekebisho juu ya kazi yetu. Mistari ya mama iliyobaki ameibadilisha karibu yote."

"Inafanya kazi?"

"Vizuri kuliko yetu."

"Ni nani?"

"Hatumjui. Anasema kwao pia mtandao hukatika. Ameuliza kama yupo wa kuipitia kazi yake."

"Mmemjibu?"

"Bado. Tulitaka tukuulize wewe kwanza."

"Mimi tena? Mjibuni upesi, asije akadhani huku hakuna watu."

Wahitimu, mashine zenu mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo sina la kuwafundisha. Nina ombi moja tu. Kesho na keshokutwa atawaandikia mtu msiyemjua, kutoka mahali msipopajua, kwamba kitu fulani kwake hakifanyi kazi. Mjibuni.

Mgeni Rasmi na nyote mliomvumilia fundi cherehani kwa muda wote huu, nawashukuru kwa masikio yenu.